Bastola Iliyolala kwa Dinah

Jumamosi hiyo, saa moja na nusu asubuhi, Dinah Nabwile aliingia chumba cha nyuma kutazama kama ala ya bastola aliyoishona imekauka. Mkono wa kushoto ulikuwa na kikombe cha chai. Kwa mkono wa kulia akaishika ala, ngozi nzito ya kahawia iliyoning'inia kwenye kamba, akachomoa kalibu, lile umbo la bastola la kukaushia ngozi, iliyokuwa ndani. Nailoni nyeusi iliyofungwa kwenye kalibu ikachanika kidogo hapo penye mpini, na kwenye mpasuko akaona chuma.

Kalibu zake zilikuwa za mti. Hiki kilikuwa chuma cha kweli, chenye namba iliyochongwa ubavuni na harufu ya mafuta ya bunduki.

Kikombe hakikumponyoka, sitatia chumvi hapa. Alikiweka taratibu juu ya stuli, halafu akakaa sakafuni. Ndani ya nyumba yake kule Mabanga, nje kidogo ya mji wa Bungoma, bastola ya mtu mwingine ilikuwa imelala usiku kucha, na yeye hana hata karatasi moja ya kumruhusu kuishika. Hilo si kosa la kupigwa faini ukarudi nyumbani kupika. Hilo ni la kifungo.

Na lieleweke mapema kwamba Dinah hakuwa mtu wa bunduki. Alikuwa karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali mjini, mjane wa miaka hamsini na mbili, mama wa kijana mmoja, Levi, aliyehamia Eldoret kikazi. Jumatatu hadi Ijumaa alitafuta mafaili ambayo wakubwa wake walikuwa wameyapoteza. Jioni na wikendi alishona ala za bastola, zile ambazo wenyewe huziita holsta. Wenzake kanisani walifuma vitambaa vya makochi, yeye alishona ala, na ukimwuliza kwa nini, alikuuliza wewe mpira unautazamia nini.

Sababu ilikuwepo. Marehemu baba yake, mzee Wekoye, alikuwa fundi wa matandiko ya farasi Kitale enzi zile farasi bado walikuwa wengi huko. Alimfundisha bintiye kushona ngozi kwa sindano mbili zinazopishana katika tundu moja, mshono ambao uzi mmoja ukikatika wa pili unashikilia. Halafu kaka yake Dinah, Wangila, akawa polisi, na siku moja akimkimbiza mwizi sokoni, bastola ikamponyoka kwenye ala ya kitambaa iliyolegea. Haikuonekana tena. Walimfuta kazi. Dinah alimwona kaka yake akirudi nyumbani na sanduku la bati, akakasirika hasira ambayo haikuwa na pa kwenda, mpaka ikaenda kwenye ngozi. Alitaka ala ambayo hata uanguke kichwa chini miguu juu, bunduki haitoki mpaka uitake wewe. Ilimchukua miaka mitatu kuiweza. Baada ya hapo polisi walianza kumtafuta wenyewe, na askari wa wanyamapori kutoka mlimani, na wakulima wachache wenye leseni.

Siri yake ilikuwa kwenye kalibu. Ngozi hulowekwa, na ikiwa bado laini huvikwa kitu chenye umbo la ile bastola, ikafinywa kwa vidole mpaka kila pembe ionekane, kisha ikaachwa ikauke kitu hicho kikiwa ndani. Sasa, mwenye bastola akiwa na akili zake hawezi kukuachia siku mbili, na wewe ukiwa na akili zako huwezi kuipokea. Kwa hiyo Dinah alichonga kalibu za mti wa jakaranda. Mteja alikuja mara ya kwanza, akatoa risasi, akaishika bastola yake mwenyewe huku Dinah akiipima na kuichora. Baada ya wiki mbili kalibu ilikuwa tayari. Fundi mwingine angeishia hapo. Dinah aliitoboa, akaijaza vile vyuma vidogo vya kubalansi matairi mpaka mizani ya jikoni ionyeshe uzito uleule wa bastola, eti ala iliyoanikwa na kitu chepesi hukauka vibaya. Halafu akaipaka rangi nyeusi ya viatu. Hiyo rangi haikuwa na kazi yoyote. Yalikuwa maringo tu.

Basi, mwenye bastola hii alikuwa mzee Gikonyo, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa kule Endebess, mbele ya Kitale, mtu wa miaka sitini na minane asiyezoea kuambiwa ngoja. Mwaka huo wezi walikuwa wameingia kwake mara mbili. Mara ya pili walimkata mlinzi panga la bega. Gikonyo alihangaika mpaka akapata leseni, na tangu habari zienee kwamba mzee ana kitu kiunoni, wezi hawakurudi. Ndiyo maana alitaka ala ya maana, yenye kifuniko cha kuzuia mvua, ya kuvaliwa ionekane.

Alikuja Ijumaa jioni kwa kipimo cha mwisho. Hapo Dinah alikuwa na desturi yake: kalibu hutolewa, na bastola yenyewe huwekwa kwenye ngozi mbichi dakika kumi tu, mwenyewe akiangalia, ili ngozi ishike yale madogo ambayo mti umeshindwa kuyaonyesha. Ili maji yasiingie kwenye chuma na rangi ya viatu isichafue ngozi, vyote viwili alivifunga kwa nailoni nyeusi. Gikonyo akatoa magazini yenye risasi, akaitia mfuko wa shati. Bastola ikaingia kwenye ala. Kalibu ikalazwa mezani.

Stima ikapotea. Nje kulikuwa na wingu zito, na chumba kikawa giza. Dinah akaenda jikoni kutafuta mshumaa. Wakati anapapasa makabati, simu ya mzee ikalia, na ilikuwa mkewe, Gathoni, akisema ng'ombe amekwama katika kuzaa, njoo mbio. Dinah aliporudi na mshumaa, mzee alikuwa amesimama, kofia kichwani, mkoba umefungwa.

"Nimechukua, Mama Levi. Nimechukua. Wacha niende, ng'ombe inakufa huko."

Dinah alielewa kwamba mzee ametoa bastola yake kwenye ala na kumrudishia kalibu ndani. Mzee naye, alipokiona kile kifurushi cheusi mezani, alielewa kwamba Dinah ameshabadilisha kabla ya kwenda jikoni. Watu wazima wawili, kila mmoja akimwamini mwenzake kwa kazi ambayo hakuna aliyeifanya. Dinah akaianika ala vilevile ilivyokuwa, akaenda kulala.

Sasa ilikuwa asubuhi, na redio ilikuwa imesema jambo saa kumi na mbili: duka moja upande wa Kibabii lilivamiwa usiku, mlinzi akapigwa risasi ya mguu, polisi wanaisaka bastola. Dinah aliisikia habari hiyo akiwa anachemsha chai, akasema maskini, akaongeza sukari. Sasa ilimrudia neno kwa neno.

Akampigia Gikonyo. Hapatikani. Akapiga tena, na tena. Huko Endebess mtandao huja unapotaka.

Wangila, aliyeishi kwenye nyumba ya pili ya boma hilohilo, alimkuta bado sakafuni. Aliiona bastola kabla Dinah hajafungua mdomo, akafunga mlango nyuma yake.

"Ni ya nani?"

"Ya yule mzee wa Endebess. Amebeba kalibu yangu akidhani ndiyo hii."

"Umeishika?"

"Nimeishika."

Wangila akashika kichwa. Alikuwa mtu mpole tangu afutwe kazi, mpole kupita kiasi, lakini sasa aliongea kwa ukali. "Dada, sikiza. Hii kitu tupa chooni. Saa hii. Hakuna mtu amekuona nayo."

"Na mzee je?"

"Mzee ni tajiri, atajisaidia. Wewe utajisaidia na nini? Jana mtu amepigwa risasi hapo Kibabii, na wewe unaingia kituoni asubuhi na bastola ati imelala kwako. Mimi nimekaa hiyo meza, bana. Najua vile tunafikiria. Mimi walinifuta kwa kupoteza. Wewe watakufunga kwa kupata."

Choo kilikuwa hatua ishirini kutoka mlango wa nyuma. Dinah alikitazama kupitia dirishani, na tusimpambe, alikitazama kwa muda mrefu. Alijiona akienda, akirudi, akinawa mikono, akimaliza chai yake. Alitaka kufanya hivyo. Mwili wote ulitaka.

"Nikiitupa," akasema mwishowe, "yule mzee anafungua sefu yake anakuta mti. Anaulizwa bunduki iko wapi, hajui. Hiyo si ndiyo walikufanyia wewe?"

Wangila akageukia dirisha.

"Ulikaa kwa hiyo nyumba miezi minane hutoki nje, Wangila. Nilikuwa nakuletea chakula mlangoni. Siwezi kumfanyia mtu hivyo, hata kama ni mwenye maringo."

Akainuka. Akafanya lile ambalo karani hufanya akiogopa: akaandika barua. Tarehe, saa, jinsi alivyoikuta, jina la mwenyewe, nakala mbili, sahihi chini. Ya kwanza aliichana, akaanza upya. Wangila aliirudisha bastola kwenye ala kwa kuishika na kitambaa, akaitia kwenye kikapu, akafunika na gazeti. Halafu akamwelekeza kama anayemwelekeza mtoto. "Ukifika usiitoe. Weka kikapu chini, rudi nyuma hatua mbili, mikono waione. Ongea polepole. Usilie."

"Silii."

"Unalia sasa."

Alichukua bodaboda, kikapu mapajani. Kabla ya kuingia mjini walikuta polisi wawili wa barabarani, na mmoja akainua mkono. Pikipiki ikasimama. Polisi akaja polepole, akamtazama dereva, akauliza koti lake la kung'aa liko wapi. Dereva akaanza hadithi ndefu ya koti na mke wake. Polisi hakusikiliza, alikuwa anatazama kikapu. Dinah akashikilia gazeti lililokifunika. Akifungua mdomo hapa, barabarani, hata barua haitasomwa.

"Mama, unaenda wapi na haraka hivi?"

"Kituoni, ofisa. Napeleka barua."

Hakusema uongo. Polisi akacheka, akasema leo watu wanapeleka mashtaka hadi Jumamosi, akawaachilia. 

Kituoni, kwenye meza ya kupokea watu, alikuwepo sajenti Kibiwott, mtu mrefu mwenye mvi chache na sauti ya chini, pamoja na askari mmoja kijana aliyekuwa akiandika. Dinah akaweka kikapu chini, akarudi nyuma hatua mbili, akainua mikono kifuani. Alikuwa amejifunza maneno njiani, yote yakatoroka.

"Kuna bastola hapo ndani. Si yangu. Haina risasi. Nimekuja mwenyewe."

Askari kijana akaacha kuandika. Kibiwott akazunguka meza, akainua gazeti kwa kidole kimoja, akatazama, akaangalia tena uso wa Dinah. Akasoma barua mara mbili. Akaitoa bastola, akaifungua, akanusa mdomo wa mtutu.

"Hii kitu imelala kwako jana?"

"Ndiyo."

"Usiku wa jana. Wa Kibabii."

"Ndiyo, sajenti."

"Na huyu Gikonyo anajua iko kwako?"

"Hapatikani."

Kibiwott akachukua simu, akapiga namba iliyokuwa kwenye barua. Safari hii, kwa bahati, ikalia. Akaiweka kwa spika juu ya meza. Sauti ya mzee ikatoka kubwa, imejaa, sauti ya mtu aliyeshiba kifungua kinywa.

"Bastola yangu? Iko kwa sefu, ofisa. Nimeiweka mimi mwenyewe jana."

Dinah akaisogelea simu. Hajui. Mungu wangu, bado hajui.

"Umeifungua ukaiona?" Kibiwott akauliza.

"Unaniuliza kama najua bunduki yangu? Risasi naweka mbali, bunduki kwa sefu, kuna wajukuu hapa. Nimefuata sheria yote."

"Sawa, mzee. Nisomee namba yake."

Wakasikia nyayo. Wakasikia funguo, mlango mzito wa chuma, nailoni ikikwaruzwa na kuchanwa.  Dinah alikuwa ameinamia ile simu kana kwamba angeweza kupita ndani yake amshike mzee mkono. Sema ukweli tu, sema ulichukua mwenyewe mezani, ni maneno matatu.

"Gathoni!" mzee akapiga kelele huko, na simu ikakatika.

Kibiwott akapiga tena. Imezimwa. Akakuna shingo, akamwonyesha Dinah benchi la ndani, lile la nyuma ya meza, akamwomba simu yake. "Mama, bado sijakushika. Lakini pia sijakuachilia. Tumngoje."

Kutoka Endebess mpaka Kitale, Kitale mpaka Bungoma, ni kama saa mbili ukiendesha kwa hasira. Dinah alikaa akizihesabu dakika kwenye saa ya ukutani. Mlango wa mahabusu ulikuwa hapo hapo, mkono wa kulia, na nyuma yake mtu alikuwa anakohoa. Alifikiria Levi akipigiwa simu. Alifikiria ofisini, jinsi watakavyonong'ona Jumatatu, kwamba mama wa masjala, yule mnyamavu, kumbe. Akamkasirikia mzee, akajikasirikia mwenyewe, akaikasirikia hata rangi ya viatu.

Gikonyo aliingia saa saba na robo. Alikuwa amezeeka tangu jana. Hakumsalimu mtu, alitupa kifurushi cha nailoni juu ya meza, kikalia *dum* kama chuma.

"Nimedanganywa! Huyu mama alinipa mti!"

Hayo ndiyo maneno ambayo Dinah alikuwa ameyaogopa tangu asubuhi, na yalipokuja yalimsimamisha wima.

"Mzee Gikonyo! Mimi nilikupa? Kwa mkono huu?"

"Unataka kusema nini, ati mimi ni mjinga? Mtu anabeba bunduki kila siku halafu ashindwe kujua mti na chuma?"

"Ndiyo! Mtu yeyote angeshindwa!" Dinah akamgeukia sajenti. Sauti ilikuwa imepanda na hakujali. "Zifunge zote mbili na nailoni, sajenti. Fumba macho, shika kwa mkono. Kama utajua bunduki ni gani, nifungie."

Askari kijana akacheka kidogo. Kibiwott hakucheka, lakini alikuwa mtu wa kupenda kuhakikisha. Akamwambia kijana azifunge, akawapa mgongo, akageuka macho yamefumbwa. Akainua moja, akaipima mkononi. Akainua ya pili. Akapitisha kidole gumba kwenye mpini, kwenye pete ya kifyatulio. Alichukua muda.

"Hii ndiyo bunduki," akasema.

Kijana akafungua nailoni. Jakaranda.

Kwa sekunde moja Dinah alifurahi, jamani, furaha ya fundi aliyeshinda. Halafu akauona uso wa Kibiwott na furaha ikakauka.

"Mama," sajenti akasema polepole, "kama mimi, miaka ishirini na sita kazini, nimedanganyika. Sasa niambie. Mtu wa kanisa anachonga kitu kama hii ya nini? Hii ukimwonyesha mtu wa duka atakupa kila kitu."

Dinah akafungua mdomo. Ya kukaushia ngozi. Hilo ndilo jibu, na lilikuwa la kweli, na alilisikia jinsi litakavyosikika kabla hajalitoa. Alikuwa amejichongea ushahidi kwa mikono yake mwenyewe, akaung'arisha.

Gikonyo alikuwa akiitazama ile kalibu. Akatoa magazini mfukoni, akaiweka mezani. "Risasi zangu zote zipo. Hesabu."

"Hiyo inaonyesha risasi zako zilikuwa wapi. Haionyeshi bunduki ilikuwa wapi." Kibiwott akavuta karatasi ya taarifa, akaweka kalamu juu yake. "Mzee, mimi nataka kitu kimoja. Alikupa yeye, ama ulichukua wewe? Ukiandika alikupa, huyu mama analala hapa leo, na Jumatatu ni kortini. Ukiandika ulichukua, basi wewe ndiwe uliacha silaha ukaenda. Hiyo bunduki haitarudi Endebess, itabaki hapa na leseni yako mpaka Nairobi waseme, na mimi sijui kama watasema ndiyo. Andika ile ya ukweli."

Gikonyo hakuigusa kalamu. Alivua miwani, akaifuta na ncha ya shati, akaivaa, akaivua tena. Kila mtu mle ndani alielewa anachopima. Bila bastola, wale wezi wanarudi. Watasikia tu, hakuna siri Endebess, na wakisikia wanarudi.

Dinah alitaka kumsihi. Alitaka kupiga magoti. Lakini kilichotoka mdomoni kilikuwa kingine kabisa, na hata leo hawezi kukuambia kwa nini.

"Na ng'ombe, mzee? Alipona?"

Gikonyo akamtazama kama aliyeamshwa usingizini.

"Alipona," akasema. "Tulivuta na kamba, mimi na Gathoni. Na ndama pia ako. Jike."

"Namshukuru Mungu."

Mzee akatikisa kichwa mara kadhaa. Halafu akachukua kalamu. Aliandika taratibu, akigandamiza sana, na Dinah upande wa pili wa meza alisoma kila neno likiwa limepinduka, maana kusoma karatasi za wakubwa kichwa chini ndiyo kazi aliyokuwa ameifanya miaka ishirini. *Mimi Gikonyo wa Endebess nilichukua mwenyewe kutoka mezani. Sikuangalia. Mama huyu alikuwa jikoni.* Kalamu ikasimama. Ikaendelea. *Hakunipa kitu.*

Dinah akakaa chini kwenye benchi akalia, kwa sauti, bila aibu, na safari hii hapakuwa na Wangila wa kumkataza.

Mengine yalikwenda haraka. Kadi ya leseni ikawekwa mezani. Bastola, ambayo mtutu wake haukuwa na harufu ya baruti, ikaingia kwenye mfuko wa karatasi, kalibu ikaingia kwenye mwingine. Kibiwott akamwambia Dinah kwamba kalibu nyingine zote alizonazo aje nazo Jumatatu, na akitaka kuendelea na kazi yake azipake nyekundu ya kuonekana toka ng'ambo ya barabara. Dinah akasema ndiyo kwa kila kitu. Angesema ndiyo hata kama angeambiwa azile. Ala yenyewe sajenti aliisukuma upande wa pili, akasema hii ni ngozi tu, chukueni.

Nje ya lango walisimama kando ya pikapu ya mzee, hakuna anayejua pa kuanzia.

"Mzee, asante," Dinah akasema. "Sina neno lingine."

"Usinishukuru. Nilikuwa karibu kuandika ile ingine." Akanyoosha mkono. "Lete ala yangu. Nimeilipia."

Akampa. Mzee akafungua mshipi wake pale pale barabarani, akaupitisha kwenye ala, akaufunga. Akateremsha kifuniko, akabana kifungo. Ngozi ilikuwa imekauka vizuri, imeshika umbo lote, na ungekula kiapo kuna kitu ndani.

"Mzee, hiyo iko tupu."

"Wao watajuaje?"

 Mzee akatazama kushoto na kulia, akasogea karibu, na yule mtu wa sauti kubwa akaongea kwa unyonge ambao Dinah hakuwahi kuusikia kwake. "Mama Levi. Huwezi kunichongea ingine? Ya mti. Niwe nayo tu hapo ndani, kama mtu akiniangalia vibaya niguse mpini."

Mzee huyu alikuwa amemwokoa dakika kumi zilizopita. Hakuna kitu Dinah alichotaka kumnyima. Lakini aliwaza mzee huyo zizini, wezi watatu au wanne mbele yake na mapanga, naye anachomoa jakaranda.

"Siwezi, mzee," akasema. "Nisamehe. Hiyo utaichomoa, na ukiichomoa watakuua."

Gikonyo akaitikia kwa kichwa, bila hasira. Akavaa koti lake, akalifunga kifungo cha juu tu ili ala ionekane vizuri kiunoni, akapanda pikapu. Akaelekea Kitale. Dinah alibaki langoni mpaka gari lilipopotea, na hofu iliyokuwa imemkamata tangu asubuhi bado ilikuwepo, ila sasa haikuwa kwa ajili yake, ilikuwa kwa ajili ya mzee.